Nusu ya Bawa

Mwalimu wetu wa Baiolojia ana tabia ya kuuliza swali kengele ikiwa imeshagonga. Siku ya mwisho kabla ya likizo ya mwezi wa sita watu walikuwa wameshafunga mabegi, yeye akashika chaki akachora ndege ubaoni. Tulikuwa kidato cha tatu, mada ilikuwa makundi ya viumbe, na ndege tulishawamaliza mapema wiki ile. Sisi tulikuwa tumemaliza, yeye bado.

"Manyoya yalianza kwa kazi gani?"

"Kurukia!" Darasa zima.

"Hapana. Yalianza kwa wanyama ambao hata hawakuruka. Wataalamu wengi wanaona kazi ya kwanza ilikuwa joto, au pengine kujionyesha kwa wenzao. Kuruka kumekuja baadaye sana."

Akasema mwili hautengenezi kitu kwa kungojea kazi ya kesho. Kitu kinakuwepo kwa kazi ya leo, halafu kazi nyingine inakikuta hapohapo. Akatupa mfano wa vifupa vitatu vya ndani ya sikio. Viwili kati yake, kwa mababu wa kale mno wa wanyama, vilikuwa sehemu ya kiungo cha taya. Zamani vilisaidia kutafuna, leo vinatusaidia kusikia.

Mvulana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, si Mungu ameumba tu hivihivi tulivyo?"

"Aliyeumba hajakataza mtu kuchungulia," mwalimu akajibu, watu wakacheka.

Ninayekaa naye dawati moja huongea kwa niaba yetu sote wawili. Akasimama bila kuitwa. "Sawa mwalimu, tuseme manyoya yalikuwa sweta. Bawa je? Bawa haliwezi kutokea zima siku moja. Nusu ya bawa ina faida gani? Si unaanguka tu?"

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa chai. "Hilo ndilo swali. Nusu ya bawa ina faida gani? Nendeni nalo likizo. Na msiniletee ya kwenye simu, nileteeni mliyoyaona kwa macho. Mwenye jibu atasimama hapa mbele."

Hapo kwenye kusimama mbele ndipo mimi nilipoachana na lile swali.

Mimi si mtu wa mbele. Nikiitwa jina tu kwenye mahudhurio, moyo unaenda mbio kabla sijasema "nipo". Kwenye ripoti zangu zote tangu darasa la kwanza pameandikwa "mtulivu", na mama huisoma kwa fahari, kumbe siyo utulivu, ni woga. Ndiyo maana nina daftari. Lilikuwa la Jiografia, kurasa za nyuma zikabaki tupu, nikaanza kuandika humo yale ambayo ningeyasema kama ningekuwa mtu wa kusema. Haya ninayoyaeleza hapa nimeyatoa humo.

Likizo ile nilitumwa kwa bibi mzaa mama, huko milimani upande wa Mgeta. Macho ya bibi yameingia ukungu, mtoto wa jicho, anasubiri zamu yake ya kupasuliwa. Njegere zilikuwa zimekomaa na hakukuwa na mtu wa kubaki nyumbani akiwa shambani. Bodaboda ilinifikisha pale inapoishia, nikapanda kwa miguu iliyobaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Huwa ananiita hivyo, eti mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja, na babu mwenyewe alishafariki kabla sijazaliwa. "Mbona umekonda? Huko mjini mnakula madaftari?"

Nyumba ya bibi imekaa mlimani kama kitu kilichobandikwa. Walichimba mlima wakapata uwanja wa kutosha nyumba, jiko na kamba ya kuanikia nguo. Nyuma ya nyumba ukabaki ukingo wa udongo mwekundu, mrefu kunizidi mimi, umelala kidogo tu kwa nyuma, kiasi kwamba mtu akitaka kuupanda lazima ashike na mikono. Juu ya ukingo ndipo lilipo banda la kuku, chini ya migomba, kwa sababu huku chini maji ya mvua hupita. Watu huzunguka kwa njia ya pembeni. Kuku hupanda moja kwa moja. Mbele ya nyumba kuna kitalu cha miche ya kabichi, kimezungushiwa fito fupi.

Kuku wa bibi aliyekuwa na watoto wakati ule alikuwa mweusi mwenye madoa meupe, mwenye hasira. Alikuwa na vifaranga kumi, wana wiki kama tano. Ni umri mbaya. Kifaranga wa wiki tano ameshaacha kuwa kale kamanjano kazuri, na kuku hajawa. Shingo imerefuka, mwili una manyoya mafupi ya kujaribujaribu, na mabawa yametoka nusu. Niliwaangalia nikawaonea huruma kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Mtu wa tatu katika habari hii ni mtani wa bibi, mzee anayekaa juu kidogo ya kwetu. Ukoo wake na ukoo wa bibi ni watani tangu zamani, kwa hiyo anaruhusiwa kumtukana bibi uwanjani kwake na kuchukua kitu chake mchana kweupe, na bibi haruhusiwi kukasirika. Aliwahi kuondoka na mkungu mzima wa ndizi. Bibi naye alimvua kofia siku ya harusi ya watu akalimia nayo mwaka mzima.

Siku niliyofika alikuwa amesimama uwanjani anamtazama kuku. "Mtani, huyu umemlea vizuri. Naona ananenepa kwa ajili yangu."

"Labda unuse mchuzi ukipita," bibi akasema.

"Na huyu mrefu ni nani? Umeniletea mchumba?"

Nikainama, nikausalimia udongo.

"Haongei?"

"Anaongea na karatasi," bibi akamwambia.

Jumatatu asubuhi bibi alikwenda kuchuma njegere. Akaniachia neno moja tu: "Hao vifaranga wasiniingilie kitaluni. Nikirudi nikute kabichi."

Nilikaa na fimbo. Kifaranga mmoja anafukuzwa huku, watatu wanaingia kule, wanarukaruka juu ya fito na vile vibawa vyao vinapigapiga. Kufikia saa nne miche saba ilikuwa imechimbuliwa. Basi nikafanya kile ambacho kwetu mjini ni kazi ya kawaida kabisa. Tunakaa nyumba ya kupanga, uwanja mmoja familia nne, na kuku akiruka kwenye kamba ya nguo za jirani ni ugomvi wa wiki nzima. Kwa hiyo mama huwakata kuku wetu manyoya ya bawa wakiwa wadogo. Hawaumii ukikata mbele ya pale penye damu, ni kama kukata kucha. Mimi nimekuwa nikiwakata tangu darasa la tano, na mkasi wa mama wa kushonea nilikuwa nao kwenye begi, nilikuja nao kwa ajili ya kufumulia nywele.

Nyumbani tunakata upande mmoja tu, ili kuku akijaribu kuruka aende mshazari. Nilipomkata wa kwanza upande mmoja nikaona amekaa vibaya, kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Nikakata na upande wa pili. Wote nikawafanyia hivyo, pande mbili, ili walingane. Hakuna aliyeniomba niwalinganishe.

Niliwakamata tisa. Wa kumi, wa kijivu, aliingia chini ya tita la kuni, nikimfuata huku anatokea kule, mwisho nikamwacha. Kifaranga mmoja hawezi kumaliza kitalu. Vipande vya manyoya nikavitupa kwenye moto.

Bibi alirudi, akapapasa miche kwa vidole. "Mizima. Umewawezaje hawa?"

"Nimewaangalia tu, bibi."

Hapo sikuwa nadanganya kwa ubaya. Nilikuwa nimefurahi sana na kazi yangu, na kwangu mimi kueleza jambo zuri nililofanya ni aibu kuliko kueleza baya. Nilijisemea atagundua mwenyewe, atanisifu, mimi nitainama. Lakini macho ya bibi hayagundui bawa lililokunjwa.

Jioni ile manyunyu yalianza. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, sikutazama kuku wanavyolala, sikuwahi kutazama. Asubuhi ya Jumanne nilikuta vifaranga wawili wamekufa chini ya ukingo, wamelowa, wamelaliana. Wengine saba wa wale niliowakata walikuwa wamejibana kwenye jani la mgomba lililoanguka, wanatetemeka. Kuku mweusi alikuwa juu, mlangoni mwa banda, na yule wa kijivu pembeni yake, mkavu.

"Amepanda akawaacha," bibi alisema. Alisema polepole, kama haamini. "Huyu hajawahi kuniacha watoto."

Mimi nilisema, "Labda baridi."

Jioni ya Jumanne akaniambia niwabebe kwenye tenga niwapandishe. Ukijaribu kukamata vifaranga saba giza likianza kuingia, kwenye utelezi, utajua kwamba tenga halina msaada. Niliwapata sita. Wa saba aliingia kwenye majani, na asubuhi tulimkuta naye amekufa hukohuko. Jumatano mchana akaja mwewe. Kuku alipiga ule ukelele wake, akaupanda ukingo mbio kwenda kwenye kivuli cha migomba, wa kijivu nyuma yake. Wengine walifika ukingoni wakapanda hatua mbili, wakateleza, wakapanda, wakateleza. Mwewe hakuwa na haraka hata kidogo. Alichagua.

Bibi aliona kivuli tu kikipita, na mlio akausikia. Alikaa kwenye kigoda. Mtani wake akapita muda huohuo, ndivyo alivyo, hupita wakati mbaya.

"Mtani, nini tena?"

"Kuku wangu amekataa watoto. Anapanda juu anawatazama wanavyokufa."

"Nilikwambia huyo si mlezi, huyo ni mchuzi."

Siku zote bibi angemrudishia neno. Siku ile alisema, "Basi Jumamosi njoo umchukue."

Mzee mwenyewe alishtuka. Kuku wa utani huibwa, hatolewi. "Unanipa?"

"Nakupa. Kuku anayeacha watoto sitaki kumwona akikanyaga uwanja wangu."

Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Kusema kweli hata wakati huo nilikuwa sijaelewa bado. Niliona tu jambo haliendi sawa, na kwamba lina uhusiano na mimi, kama unapoingia chumbani watu wakanyamaza.

Alhamisi bibi aliporudi shambani alasiri, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na daftari, nikasubiri kuku walale. Nilitaka kuona kwa macho. Manyunyu yalikuwa yamekatika, udongo umekauka kidogo.

Kuku akaanza. Alipanda ukingo kwa miguu, huku anapigapiga mabawa, akafika. Kisha yule wa kijivu. Niliandika wakati uleule, kwa hiyo ninayo maneno yenyewe: "Haruki. Miguu inakimbia ukutani. Mabawa yanapiga haraka sana, lakini hayampeleki juu, yanambana kwenye udongo. Miguu haitelezi kwa sababu mabawa yanaisukuma ishike. Anapanda ukuta kama anakimbia barabarani."

Bawa lake lilikuwa nusu. Kama ungemrusha hewani angeanguka. Lakini kwa kupanda ule ukingo, nusu ile ilimtosha kabisa.

Wale wengine watano wakaja kwa mstari. Miguu yao ilikuwa ileile, ukingo uleule, mama yao yuleyule anawaita kutoka juu. Wakapiga vile visiki vya mabawa, hewa ikapita katikati, miguu ikachora mistari kwenye udongo, wakarudi chini. Kuku akashuka. Akazunguka nyuma yao, akapanda tena, akaita. Akashuka tena. Nilihesabu mara sita. Mara ya sita alikuwa anahema mdomo wazi.

Sasa niseme jambo ambalo linanitia aibu kuliko yote. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nimelipata! Nusu ya bawa ina faida gani? Hii hapa! Nilisimama kabisa, nikapiga paja. Ndipo nikawatazama wale watano chini ya ukingo, nikakumbuka ni nani aliyewafanya washindwe, na ni nani anayeondoka Jumamosi kwa kosa la kuwaacha.

Niliwapandisha wote watano kwa mikono, mmoja mmoja, nikaingia ndani kumwambia bibi.

Bibi alikuwa anajisafisha sikio kwa unyoya, amefumba macho kwa raha. Nikasema, "Bibi." Akasema, "Ee." Nikasema, "Chumvi imebaki kidogo."

Nililala nikijiapiza kusema Ijumaa asubuhi. Ijumaa asubuhi nikajisemea nitasema baada ya kuchota maji. Nilipokuwa kisimani mwewe akarudi. Walibaki wanne niliowakata, na wa kijivu.

Mchana ule niliandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba kunyamaza kwangu Jumatatu kulikuwa kwa aibu ya kujisifu, na sasa kunyamaza kulekule, bila kubadilika hata kidogo, kumepata kazi nyingine. Kumekuwa kwa kuficha. Niliandika kila kitu: mkasi, pande mbili, moto, wa kijivu, mara sita. Nilipomaliza nikasikia nafuu kama vile nimeshasema. Ndiyo ubaya wa daftari. Linakupa nafuu na hakuna aliyesikia.

Jumamosi mtani alifika mapema, amevaa shati la kanisani. Bibi mwenyewe alikuwa amemshika kuku bandani kabla hajafunguliwa, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, amemlaza kando ya mlango. Kuku alikuwa kimya, jicho moja linatazama ukingo. Vifaranga walikuwa wanalia huko juu.

"Haya mtani, mzigo wako huo," bibi akasema. "Na usinirudishie hata unyoya."

Mzee akainama, akamnyanyua kwa miguu, kichwa chini. Nikasikia mtu anasema, "Babu, ngoja." Nilikuwa mimi.

Wote wawili wakanigeukia. Nilifungua mdomo, hewa ikatoka tu.

"Una nini?" bibi akauliza. "Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Daftari lilikuwa kwapani, kama kawaida. Nikalinyoosha kwake, halafu nikakumbuka kwamba bibi, hata kabla ya mtoto wa jicho, hakuwahi kujua kusoma. Nikamnyooshea mzee.

"Sina miwani," akasema. "Na mkono mmoja una kuku."

"Kama umeandika, si usome?" bibi akasema.

Basi nikafungua nikasoma. Sikuwatazama, nilitazama mistari. Sauti ilianza kama ya mgonjwa, lakini maneno yalikuwa yameshapangwa, kazi yangu ilikuwa kuyafuata tu. Nikasoma "nilikata pande mbili ili walingane". Nikasoma "manyoya nikayatupa motoni". Nikasoma kuhusu wa kijivu na jinsi bawa linavyombana ukutani, na kwamba kuku alishuka mara sita. Nikasoma hadi mwisho, ambapo pameandikwa, "Bibi, kuku hana kosa," na hapo ndipo nikalia, maana lile nililiandika kubwa.

Mzee alimgeuza kuku akamshika vizuri, kichwa juu.

Bibi alizunguka njia ya pembeni akapanda bandani, sisi tukamfuata. Akamkamata kifaranga mmoja, akalinyoosha bawa, akalipitisha kati ya vidole viwili kama anavyopapasa miche. Akakuta ncha zilizonyooka. Akamkamata mwingine. Akawapapasa wote wanne. Wa kijivu naye akampapasa, na kwake akakaa zaidi.

"Ni kweli," akasema. Kisha kwangu: "Umeandika hayo lini?"

"Jana mchana."

"Na umeyaona lini?"

"Juzi."

"Ungesema juzi, yule wa jana angekuwa hapa."

"Ndiyo, bibi."

"Mke mwenzangu, mimi sioni. Nimekuita uwe macho yangu. Sasa macho yanaona halafu yananyamaza, mimi nifanye nini nayo?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mzee akakohoa. "Mtani, kumbe mshtakiwa tumemfunga kamba, na mwenye makosa tunampikia uji."

"Mfungue."

"Nimfungue? Nimevaa hili shati bure? Ukoo wetu ukisikia nimeitwa kuchukua kitu nikarudi mikono mitupu, watanizika kabla sijafa."

"Chukua huyu," bibi akasema, akinisukuma bega.

"Huyu? Huyu analia tu, na mchuzi wake utakuwa wa chumvi." Akanigeukia. "Mkasi uko wapi?"

Nikauleta. Akaupima mkononi, akaukatia ile kamba ya miguuni mwa kuku, akautia mfukoni mwa shati la kanisani. "Mzigo wangu huu."

"Babu, ni wa mama," nikasema.

"Na anaongea kweli! Mwambie mama yako mtani ameuchukua. Akasirike kama anaweza."

Kuku alisimama, akajikung'uta, akamdonoa mzee kwenye kiatu, akaenda kwa watoto.

Mchana huohuo mzee alirudi na mianzi miwili. Aliipasua, akaifunga vijiti vya kukanyagia, akailaza kwenye ukingo toka chini hadi juu. Alisema yeye hatengenezei mtu kitu, anajitengenezea njia ya kuiba mayai. Vifaranga waliidharau siku mbili, ya tatu wakaipanda. Mimi adhabu yangu ilikuwa kukaa kitaluni na fimbo kutwa nzima mpaka siku ya kuondoka, na kila jioni kuhesabu kwa sauti wanapoingia bandani, bibi akiwa kwenye kigoda anasikiliza. "Kwa sauti," alisema. "Nisikie." Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Siku za mwisho wale wanne walikuwa wameanza kudondosha visiki, na miiba ya manyoya mapya ilikuwa inachomoza.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliuliza hata kabla ya kutusalimia vizuri. Jirani yangu wa dawati alikuwa na jibu la kwenye simu, refu, lenye picha. Mwalimu akamkatalia. Akauliza nani ameona. Nikanyoosha mkono ulioshika daftari, na nadhani alifikiri naomba ruhusa ya kutoka nje.

Nilisimama mbele nikasoma yale ya Alhamisi, ya kifaranga wa kijivu ukutani. Nilikuwa nimeshasoma mara moja mbele ya watu wawili na kuku aliyefungwa miguu, na darasa halikuwa gumu kuliko hapo.

"Umejuaje kwamba ni bawa lililompandisha na siyo miguu?" mwalimu akauliza.

"Wengine walikuwa na miguu ileile. Walikosa bawa tu."

"Walikosaje?"

Nilijua atauliza. Bila hao waliokatwa nisingekuwa na jibu, ningekuwa na hadithi ya kifaranga anayekimbia. "Niliwakata mimi, mwalimu. Walikuwa tisa. Walikufa watano."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akageukia ubao akaandika nilichokiona, kwa maneno yangu. Chini yake akaandika onyo: kuku wa leo siye babu wa ndege wa kwanza, na hatuwezi kusema ndivyo mambo yalivyokuwa kale. Tunachoweza kusema ni kwamba nusu ya bawa inaweza kuwa na kazi, na siku ikikamilika kazi ile haikatazi nyingine kuja. Alisema wapo wataalamu wanaofikiri kuruka kulianzia kwenye kupanda namna hiyo, na wapo wanaokataa, na ugomvi wao bado.

Nilirudi kukaa. Jirani yangu akaniinamia sikioni. "Muuaji," akanong'ona. Kisha, "Ila mwanangu, umeongea. Nimekusikia mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilimpigia bibi. Sikuanza na chumvi. Nilimwambia darasa zima linajua. Akauliza kama walinizomea, nikasema hapana, akasema wangenizomea kidogo isingedhuru. Kisha akanipa habari: wale wanne wamejaa mabawa, mianzi ya mtani hawaitaki tena, wanapanda udongo. Na kuku mweusi anataga upya, yumkini atalalia mwezi ujao.

"Desemba uje," akasema. "Ila mkasi usije nao."

"Mkasi anao mtani, bibi."

"Najua. Ndiyo maana nakuita."